Reli ya Kuelekea Salaita
Kikundi kinachokusudia kuzuru viwanja vya mapigano vya Vita vya Kwanza vya Dunia katika kaunti ya Taita-Taveta, nchini Kenya, hakina budi kuanza na ratiba ya treni kabla ya kutafuta hoteli, kwa kuwa katika reli ya kisasa ya Nairobi na Mombasa, yaani SGR iliyozinduliwa mwaka 2017, inayowafaa ni treni ya kaunti, ile inayosimama katika stesheni za njiani, ikiwemo Voi. Tiketi zikatwe mapema, pamoja na namba ya kitambulisho au pasipoti ya kila msafiri. Malazi yafaa yawe Voi, mji uliozoea wageni wa Tsavo, ingawa kutoka hapo hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, hivyo basi la kukodi lipangwe kuondoka alfajiri. Kilima cha Salaita, karibu na Taveta, ambako tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma na majeshi ya Wajerumani, ambamo wengi walikuwa askari Waafrika, kinastahili nusu siku nzima. Wala muda usipunjwe kwa ajili ya wapagazi, yaani maelfu ya Waafrika waliobeba risasi na chakula vichwani, kwani, ilhali majina ya wanajeshi Wazungu yamechongwa makaburini Taveta na Voi, wengi wa wapagazi hao walizikwa pasipo alama yoyote, na kikosi chao, Carrier Corps, husikika leo katika jina la mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam.