Muhula wa Shule ni Zamu ya Maji



Ninyi mnaolima mpunga katika skimu ya Ahero mwaijua vema maana ya zamu. Maji ya mto Nyando huvutwa kwa pampu, yakaingia mfereji mkubwa, kisha mifereji midogo, mpaka yakafika katika shamba la kila mtu kwa siku yake. Aliyekuwapo siku hiyo, na kingo zake amezitengeneza, hupata maji. Aliyekuwa safarini hukuta maji yamekwisha kupita kwenda kwa jirani, wala hawezi kuamuru yarudishwe kwa ajili yake peke yake. Kila mtu wa skimu alijua jambo hili. Sijapata kumwona mkulima aliyeondoka kwenda kumtembelea shemeji yake katika juma la kupandikiza mpunga.

Lakini mkulima huyo huyo, mwenye akili ya kuilinda zamu yake ya maji, atamtoa mtoto wake shuleni katikati ya muhula kwa juma zima, na pengine majuma mawili, wala asione kwamba amepoteza kitu. Jambo hilo ndilo nitakalo kulisema mwezi huu.

Mimi hukaa Kondele, mahali yapitapo magari mengi yatokayo Ahero, Awasi na Muhoroni kwenda Siaya, Busia na Kakamega. Si mara moja wala mbili nimewaona hapa siku ya Jumatano au Alhamisi, saa za masomo, watoto wenye sweta za shule wameshikwa mkono na mama zao, na vikapu vya unga na kuku viko miguuni. Ukiuliza, utaambiwa: twaenda matangani, au, twaenda harusini, au, baba yao yuko Nairobi, ametuita tukakae naye kidogo. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliye mzazi mbaya. Wote wampenda mtoto, na wote watakuambia kwamba ni siku chache tu.

Nafahamu pia kwa nini safari hizi ni nyingi zaidi kwetu. Katika miaka ya 1960 mashamba ya Wazungu ya upande wa Muhoroni, Songhor na Koru yalinunuliwa na Serikali na kugawiwa wananchi, na jamaa wengi walihamia huko kutoka pande nyingine za Nyanza. Kwa hiyo mtu wa skimu mara nyingi ana nyumba mbili: moja iliyo na miwa yake, na moja iliyo na makaburi ya baba zake. Kiungo cha nyumba hizo mbili ni safari. Mtoto asiyepajua kwao si mtoto aliyelelewa vema, na mimi sisemi mkate mzizi huo. Nauliza tu siku ya kusafiri.

Nilisomea ualimu kabla ya kushika ukarani wa kilimo, na yafaa niwaeleze jinsi somo linavyokwenda, maana mzazi aliye nje ya ukuta halioni. Mwalimu wa hesabu halisomi somo jipya kila siku kama mtu asomaye gazeti. Yeye hujenga, tofali juu ya tofali. Jumatatu huwafundisha watoto kugawa chungwa kuwa nusu na robo. Jumanne huwaonyesha kwamba nusu moja ni sawa na robo mbili. Jumatano hujumlisha nusu na robo. Alhamisi huwapa hesabu za maneno: mtu ana ekari 4, amepanda mpunga katika robo tatu za shamba lake, je, zimebaki ekari ngapi? Mtoto aliyetolewa Jumanne akarudi Jumatatu ya pili hukuta wenzake wanapima mashamba, na yeye bado ana nusu chungwa mkononi.

Hakuna aliyemchapa wala kumcheka, lakini tangu siku hiyo hunyamaza. Akiulizwa hutazama chini. Baada ya miezi michache mzazi husema, "Huyu wangu hana kichwa cha hesabu." La, kichwa anacho. Alikosa zamu yake.

Mtasema, mwalimu si angemrudia? Katika darasa la watoto 60, akirudi nyuma kwa ajili ya mmoja, wengine 59 husimama. Na wazazi 10 wakifanya hivyo kila mmoja kwa juma lake, hakuna juma ambalo darasa ni zima. Hapo mtoto wa jirani, ambaye hakukosa hata siku moja, naye hucheleweshwa. Ni sawa na mtu abomoaye ukingo wa mfereji kwa haja yake: maji yanayopotea si yake peke yake.

Na siku hizi hasara imezidi. Zamani mtoto aliweza kukosa siku za katikati, kisha akajikaza mwishoni, akaponea katika mtihani mmoja wa mwisho wa shule ya msingi. Mtihani huo wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtihani mpya wa Gredi ya 6 ulipofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, ilipangwa kwamba alama 60 katika kila 100 zitokane na kazi zinazopimwa shuleni, na mtihani wenyewe ulete 40 tu. Maana yake, mavuno sasa hupimwa tangu kitaluni. Siku ambayo mtoto yuko matangani yaweza kuwa ndiyo siku ya kupimwa.

Tufanye hesabu kidogo. Mtoto akikosa siku 2 tu kila mwezi, kwa miezi 9 ya masomo amekosa siku 18, nayo ni zaidi ya majuma 3 na nusu ya shule. Akiendelea hivyo tangu Gredi ya 1 hadi ya 9, amekosa siku 162. Hizo ni zaidi ya majuma 32, yaani kupita mihula miwili mizima. Na hakuna siku ambayo baba yake alisema, "Leo namtoa mtoto shuleni kwa mihula miwili."

Tena kumbukeni kwamba sisi wa bonde la Kano twanyang'anywa siku nyingine bila kupenda. Mwaka 2024 mvua kubwa zilichelewesha muhula wa pili nchini pote: shule zilizokuwa zifunguliwe Aprili 29 zilifunguliwa Mei 13, na ninyi mnaokaa kando ya Nyando mwajua mto ukifurika hali huwaje. Kabla ya hapo, ugonjwa wa Korona ulifunga shule Machi 2020, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2021. Ili kulipa deni hilo, mwaka 2022 watoto walisoma mihula 4 ndani ya mwaka mmoja, na likizo zikapunguzwa. Serikali iliweza kufanya hivyo kwa sababu watoto wote walikuwa wamekosa pamoja. Lakini mtoto wako akikosa peke yake, hakuna Serikali itakayomtengenezea muhula wa tano.

Sasa nizijibu hoja za wazazi, kwa maana ziko zenye uzito.

Ya kwanza ni kifo. Kifo hakingoji Agosti. Mtoto aliyefiwa na mama, baba, ndugu wa tumbo moja, au nyanya aliyemlea, na aende akazike, na mwalimu mwenye utu hatamzuia. Lakini si kila matanga ni ya mtoto. Matanga ya binamu wa shemeji yaweza kuhudhuriwa na baba au mama peke yake. Na ikiwa maziko ni Jumamosi, mtoto aondoke Ijumaa jioni baada ya masomo, arudi Jumapili. Ile desturi ya kwenda Jumanne na kukaa mpaka watu wote wamekwisha kutawanyika yafaa iwe ya watu wazima.

Ya pili ni nauli. Ni kweli kwamba mwezi wa Desemba nauli ya basi kati ya Nairobi na Kisumu hupanda, na mtu mwenye watoto wanne huona ni afadhali asafiri kabla shule hazijafungwa. Hoja hii si ya Kenya peke yake. Mwaka 2015 baba mmoja wa kisiwa cha Wight, Uingereza, jina lake Jon Platt, alimchukua binti yake kwenda kutembea Florida, Marekani, akakosa siku 7 za shule. Alitozwa faini, akakataa kulipa, akasema binti yake huhudhuria zaidi ya siku 9 katika kila 10, na hiyo yatosha. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Aprili 2017 majaji waliamua kwamba kuhudhuria ni kufuata kanuni ya shule, wala si kadiri mzazi aonavyo yatosha. Tena walisema kwamba utoro wa namna hiyo huvuruga hata masomo ya watoto wengine. Nasi tunayo sheria yetu. Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamwagiza mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria. Akikaidi aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka 1, au vyote viwili. Sitaji haya ili kuwatisha. Twajua wote kwamba sheria haisimami kituo cha magari cha Kondele ikikagua sweta. Nataka mjue tu kwamba nchi imekwisha kulifikiri jambo hili. Kuhusu nauli, dawa yake ni kuweka akiba. Malipo ya mpunga au ya miwa yakija, tengeni fedha za safari ya likizo kama mtengavyo za mbolea.

Ya tatu ni shamba lenyewe. Mpunga ukianza kutunga maziwa, kweleakwelea huja, na mzazi humtoa mtoto kwenda kuwafukuza. Mwanzoni mwa mwaka 2023 ndege hao waliharibu mpunga mwingi katika skimu za Kisumu, na siwezi kumwambia mkulima akae akitazama jasho lake likiliwa. Lakini ndege hawajui mpaka wa shamba. Wakulima wanaopakana wakichanga, waweza kuajiri mtu mzima mmoja au wawili kulinda mashamba yote pamoja, badala ya kila mmoja kumsimamisha mtoto wake juani na makopo.

Huko Scotland, wakulima wa viazi walikuwa na shida kama hiyo wakati wa mavuno. Shule zikatoa likizo mwezi wa Oktoba ili watoto wote wachimbe viazi, na mpaka leo watu wengi huiita likizo ya Oktoba kuwa likizo ya viazi. Fundisho ni hili: kazi na shule zikigongana, watu hukaa pamoja wakapatanisha kalenda mbili, badala ya kila mzazi kumtoa mtoto wake kimyakimya. Kwetu tarehe za mihula huwekwa na Wizara ya Elimu kwa nchi nzima, na hutangazwa mapema. Lakini tarehe za kupanda zajadiliwa na ninyi wenyewe katika mikutano ya skimu. Basi nendeni mkutanoni na kalenda ya shule mkononi. Mpunga hukaa shambani kama miezi minne hivi. Hesabuni tangu siku ya kitalu, mtajua mapema juma la ndege na juma la mavuno yataangukia wapi.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, chukua tarehe za mihula kwa mwalimu mkuu, uzibandike ukutani kando ya ratiba ya maji. Pili, safari ya kuwapeleka watoto kwa babu na nyanya iwekwe Aprili, Agosti au Desemba, na jamaa waarifiwe mapema, ili hata harusi zipangwe siku hizo. Tatu, msiba ukilazimu mtoto aondoke, mwone mwalimu kabla ya safari, umwambie siku ya kurudi, na umwombe jirani ambaye mtoto wake husoma darasa hilo akutunzie daftari lake, wako ayanakili yaliyompita.

Mkulima aliyekosa zamu yake ya maji msimu huu aweza kupanda tena msimu ujao. Mtoto ana Gredi ya 4 moja tu.

Karani wa Kilimo,
Kondele