Zana za Kupimia Ziwa Zaweza Kuundwa Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa baina ya maziwa mawili. Mashariki, chini katika bonde la ufa, liko Ziwa Rukwa, ambalo kina chake ni cha mita chache tu. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Ziwa Baikal. Mwanafunzi wa Sumbawanga hufundishwa takwimu hizo darasani. Ni nadra, hata hivyo, kuulizwa swali linalofuata: hali ya maji ya vilindini hujulikanaje, na ni nani mwenye zana za kuipima?

Swali hilo lagusa chakula cha watu. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana joto la nyuzi 25 hadi 27 za sentigredi hivi, na ya vilindini nyuzi 23 na ushei. Tofauti hiyo ndogo yatosha kuyafanya maji ya juu, yaliyo mepesi, yaelee juu ya yale mazito bila kuchanganyika nayo kwa urahisi. Virutubisho vinavyokuza viumbe vidogo wanaoliwa na dagaa vimelala chini, na katika sehemu ya kusini ya ziwa hupandishwa hasa na pepo za kusi za kiangazi. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba ziwa limepata joto na kwamba mchanganyiko huo umepungua. Mwaka 2024 nchi zinazopakana na ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi 3 ili samaki wapate kuzaliana. Mvuvi wa Kasanga au Kipili anapoanika nyavu zake kwa miezi 3, ni haki yake kwamba maamuzi ya namna hiyo yategemee vipimo vingi, vya kila mwaka, vilivyochukuliwa karibu naye.

Kupima vilindini kuna shida moja kubwa, nayo ni ya mawasiliano. Mawimbi ya redio humezwa na maji baada ya masafa mafupi. Sauti husafiri mbali, lakini hubeba habari kidogo na kwa mwendo wa pole. Hivyo hapana budi kutumia kebo. Ethaneti ya kawaida inayounganisha kompyuta za shule huhitaji jozi 2 au 4 za nyaya, na kikomo chake ni mita 100. Mwaka 2019 chama cha kimataifa cha wahandisi, IEEE, kiliidhinisha kanuni iitwayo 10BASE-T1L, ambayo hupitisha biti milioni 10 kwa sekunde katika jozi moja tu ya nyaya, hadi mita 1,000.

Fizikia yake haimzidi mwanafunzi wa kidato cha tano. Nyaya mbili zilizosokotwa hubeba ishara zilizo sawa lakini kinyume. Kelele ya umeme ikiingia huzipata zote mbili sawasawa, na mpokeaji akitoa moja katika nyingine kelele hufutika. Pande zote mbili huzungumza kwa wakati mmoja, kila upande ukiondoa sauti yake yenyewe katika inayosikika. Nyaya zizo hizo zaweza pia kubeba umeme wa kuendeshea vihisi: mkondo mnyoofu hupita katika koili, na ishara hupita katika kapasita. Bodi ya nyongeza ya kazi hii, basi, ni chipu moja ya mawasiliano, koili na kapasita chache, na vizuizi vya radi, vikiunganishwa na kompyuta ndogo ya kujifunzia.

Yawezekana kupinga kwamba kwa kipimo kimoja cha joto njia ya zamani ya RS-485 yatosha, tena ni rahisi. Ni kweli, na anayeanza na aanze nayo. Lakini kamera na vihisi vingi vikitumia kebo moja, ethaneti huvipa lugha ileile ya kompyuta iliyopo shuleni.

Ugumu wenyewe uko kwingine. Katika kina cha mita 300, kanieneo ya maji ni kama kilo 30 kwa kila sentimita ya mraba. Kifuniko cha sentimita 10 kwa 10 hubeba tani 3. Kila tundu la waya ni mlango wa maji, na hapo ndipo faida ya jozi moja inapoonekana. Kopo lizamishwe kwanza likiwa tupu, nalo lipimwe uzito kabla na baada. Gramu moja iliyozidi yatosha kufichua uvujaji.

Tena kuna somo la mahali. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwa nyuzi 94 hivi. Anayesawazisha kipimajoto chake kwa kudhani ni 100 hukosea kwa nyuzi 6, ilhali tofauti yote ya ziwa, juu hadi chini, haifiki nyuzi 5. Barafu inayoyeyuka haina udanganyifu huo. Aliyenunua chombo kilichofungwa hatajua kosa lilipo, aliyekiunda atajua.

Mafundi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika malungu, tanuu ndefu za udongo zilizovuta hewa zenyewe, kisha wakakisafisha katika tanuu ndogo za mivukuto. Chuma cha kigeni kilipoenea kazi hiyo ilikoma, na ujuzi ukazikwa pamoja na waliokuwa nao. Chombo cha kupimia ziwa nacho kikitoka ng'ambo na kurudishwa huko kila kiharibikapo, siku kitakapozimika vipimo navyo vitakoma. Shule moja ya Sumbawanga ikiunda bodi moja, ikaijaribu katika pipa la maji, kisha ikaishusha mita 20 tu huko Kasanga, itakuwa imepata vipimo inavyoweza kuvitetea, na chombo inachoweza kukitengeneza.