Tanakali Zimelala Fofofo Darasani

Kiswahili kina utajiri mmoja ambao washairi wake huutumia kwa ubahili na wachoraji wake hawautumii kabisa, nao ni tanakali za sauti. Kitu kizito hakianguki tu, huanguka pu. Kikiangukia majini ni chubwi, matopeni ni tapwi, mchangani ni tifu. Mlango hufungwa ndi, giza huwa totoro, mfupa huvunjika kacha. Ninayaandika haya baada ya kushinda Jumamosi na Jumapili nzima katika tamasha la vibonzo na utamaduni pendwa jijini Nairobi, ambako niliyahesabu maneno ya sauti yaliyochorwa katika kila kazi niliyoishika mkononi. Yalikuwa mengi. La Kiswahili halikuwamo hata moja.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kufika kwenye matamasha ya aina hii, niseme kwamba asili yake ni mikutano midogo ya mashabiki. Lile la San Diego, Marekani, lilianza mwaka 1970 hotelini, kwa wahudhuriaji wapatao 300. Leo huwakusanya zaidi ya 100,000. La Tokyo lilianza Desemba 1975, likiwa la watu wanaojichorea na kujiuzia wenyewe. La kwetu ni dogo mno ukililinganisha na hayo, lakini mambo ni yale yale: meza za wachoraji, michezo ya kompyuta, mijadala ukumbini na, zaidi ya yote, mavazi. Vijana hushona kwa miezi ili waingie ukumbini wakiwa mhusika fulani, kuanzia viatu hadi nywele. Wajapani waliliundia jambo hilo jina katika miaka ya 1980 kwa kukata vipande vya maneno mawili ya Kiingereza na kuviunga. Mimi naliita kujivika uhusika, na atakayeleta jina zuri zaidi nitamfuata.

Jumamosi niliwatazama waliojivika. Palikuwa na Buibui aliyelazimika kuivua barakoa ili ale bhajia, na vijana wasiohesabika waliofunga kilemba cha Naruto kwenye paji la uso. Palikuwa na wapiganaji wa Wakanda, vichwa vimenyolewa, mikuki mkononi. Na palikuwa na dada mmoja aliyevaa gauni jekundu la Luteni Uhura wa Star Trek. Nilimwangalia kwa muda mrefu. Mhusika huyo alionekana kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1966, na jina lake limetoka katika neno letu uhuru. Baadaye akapewa na jina la kwanza, Nyota. Yaani wakati Wamarekani walipofikiria watu wa karne zijazo wakiruka kati ya nyota, chomboni humo walitia neno la Kiswahili. Miaka 60 karibu imepita, na binti wa Nairobi anamvaa Uhura, kisha anakwenda meza ya pili kununua kitabu cha mchoraji wa Nairobi ambacho hakina neno la Kiswahili isipokuwa majina ya watu na vyakula.

Jumapili niliigawa kwa meza za wachoraji. Ufundi wa mikono yao haunipi shaka yoyote. Nilikaa zaidi kwenye meza ya binti mmoja anayechora hadithi ya nahodha wa kike, jahazi lake na jini wa baharini, mistari yake myepesi na maji yake yakiwa hai kweli. Katika ukurasa wa tatu, nahodha anasukumwa kutoka shetrini na kuanguka baharini. Juu ya maji yanayoruka palikuwa na neno kubwa la Kiingereza la kuanguka majini, lile tunalolijua sote. Nikamuuliza kwa nini asiandike chubwi. Akanitazama kama mtu aliyekumbushwa jina la jirani wa zamani.

"Lakini mwalimu," akasema, "hiyo si ya mtihani?"

Hakuwa akinifanyia mzaha. Alijifunza tanakali darasani, akakariri orodha, akajaza mapengo, akapata alama zake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zile ni sauti, kwamba mtu akianguka majini mbele yako ndivyo unavyosikia. Tumezifundisha tanakali kama tunavyofundisha miji mikuu ya nchi za mbali. Hilo limenisumbua kuliko hesabu yangu ya Jumamosi.

Sasa tazama wenzetu. Mfululizo wa Batman wa televisheni, mwaka 1966 huo huo, ulikuwa ukizichora sauti za ngumi kwa herufi kubwa juu ya skrini nzima, hata zikawa kichekesho na alama ya kipindi chenyewe. Wajapani ndio waliokwenda mbali zaidi. Lugha yao, kama yetu, ina maneno ya sauti na maneno ya hali: ya kung'aa, ya kunata, ya moyo kudunda. Wachoraji wao huyaandika yote ndani ya picha. Wanalo hata neno la ukimya, shiin, linaloandikwa katika chumba ambamo hakuna anayesema. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa jambo hilo, kwa sababu sisi tunanyamaza jii. Nimejaribu kulitafuta katika Kiingereza neno la kuandika juu ya picha ya watu walionyamaza, nikaambulia mafafanuzi tu. Hapa, basi, kuna jambo ambalo lugha yetu inaliweza na lugha tunayoikimbilia inababaika nalo, na bado picha za ukimya katika vitabu vya Nairobi huachwa tupu.

Binti alinipa hoja mbili za kujitetea, na zote mbili zina uzito.

Ya kwanza ni ya kiputo, yaani lile duara la maneno linalotoka mdomoni mwa mhusika. Kiputo ni chembamba, akasema, na maneno ya Kiswahili ni marefu. Mwandishi wa Kiingereza ana vijineno vifupi anavyoweza kuvipanga mstari kwa mstari hadi maandishi yakae kama umbo la yai. Kiswahili kinamletea neno kama hawatatupata, ambalo hulala katikati ya kiputo kama gogo. Kweli. Lakini gogo hilo ni sentensi kamili, lina mtenda, wakati, ukanushi na mtendwa. Hapo ndipo anapohitajika mtu aliyezoea kupima. "Hawatatupata leo" ni mizani 8 kamili, kipande kimoja cha ubeti, na hukatika vizuri katika mistari miwili. "Nilitumbukia chubwi" nayo ni mizani 8. Anayeweza kutunga tarbia kwa vina na mizani bila kuvunja maana ndiye hasa anayeweza kujaza kiputo bila kukipasua. Kazi hiyo tumeifanya kwa karne kadhaa, ila hatukuwa tukiiita hivyo.

Hoja ya pili ni ya soko. Wanunuzi wake wengine wako Lagos, wengine Johannesburg, wengine ng'ambo, nao hawasomi Kiswahili. Sitamwambia mtu anayelipa kodi ya nyumba kwa kalamu yake kwamba aache kuuza. Abaki na mazungumzo ya Kiingereza ikiwa ndiyo yanayomlisha. Ila sauti haihitaji kutafsiriwa. Vijana wale wenye vilemba vya Naruto huitana sensei na senpai bila kwenda shule ya Kijapani hata siku moja. Vitabu wanavyosoma mara nyingi huacha maandishi ya sauti ya Kijapani kama yalivyochorwa, pengine na tafsiri ndogo pembeni, nao hawalalamiki. Wanayapenda. Wapiganaji wa Wakanda katika filamu ya mwaka 2018 walisema Kixhosa, na dunia ikalipa kiingilio. Msomaji wa Lagos atakayeona maji yanaruka na neno chubwi juu yake ataelewa bila kuuliza.

Kuna jambo jingine ambalo binti hakulisema, nami nililiona nilipokuwa nikipita meza kwa meza. Si kwamba Kiswahili hakikuwahi kuingia katika vibonzo. Wasomaji wa Taifa Leo walicheka na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa miongo mingi. Tanzania ilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, kisha ikapata jarida la Sani pamoja na akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Kwa upande wa Kenya, Shujaaz ilianza mwaka 2010 ikisema Sheng, na wanaoidharau Sheng wakumbuke kwamba ilisomwa. Hata neno zuri kuliko yote tuliyo nayo kwa sanaa hii, pichadithi, liliundwa Nairobi, likawa jina la mfululizo wa vitabu vya Terry Hirst katika miaka ya 1980. Ni aibu kwamba tumeliacha life na vitabu vyenyewe.

Lakini angalia ni nani waliopewa Kiswahili katika orodha hiyo: wengi wao ni juha, mlevi, mjanja wa mtaani, mtu wa kuchekesha. Nawapenda wote, na nimekulia mikononi mwa Juha Kalulu. Hata hivyo, panapotokea shujaa wa kuruka angani, wa kupambana na jini, wa kufa kwa ajili ya mji wake, ghafla kiputo hugeuka Kiingereza. Tumeigawa kazi, Kiswahili kichekeshe na Kiingereza kiokoe dunia. Mgawanyo huo hatukulazimishwa na mtu.

Nao haukutoka katika fasihi yetu. Ulimi huu ndio uliombeba Fumo Liyongo: mtu asiyedhurika kwa mshale wala upanga, aliyetoroka kifungoni kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, aliyechomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, akaenda akapiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa kwenye upinde, akafa hivyo hivyo. Watu wa mji wakabaki na kiu wakimwogopa maiti. Nionyesheni mchoraji asiyetaka kuichora picha hiyo, ukurasa mzima, bila kiputo, na jii moja kubwa juu ya kisima. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyeutunga utenzi wa Liyongo mwaka 1913, alikuwa pia mchonga mbao na bingwa wa hati. Neno na umbo vilitoka katika mkono mmoja. Sijui ni lini tuliamua kwamba mshairi na mchoraji ni watu wasiofahamiana.

Katika siku zile mbili sikumwona malenga mwingine ukumbini, au kama alikuwapo alikuwa amejivika uhusika barabara. Tunajua kukutana na kujadili ikiwa shairi huru ni shairi, mjadala ulioanza kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Vijana wanapanga foleni na kulipa kiingilio ili wasome hadithi, nasi hatuko. Mchoraji asiye na mtunzi hutafuta maneno yaliyo karibu, na yaliyo karibu naye ni ya filamu za Marekani. Ningependa kuona kila mmoja wetu anayejiita mtunzi akimtafuta mchoraji mmoja, amwombe kurasa tano, amwandikie maneno yake, na wasainiane wazi nani anapata nini, kwa sababu urafiki wa sanaa huvunjikia hapo.

Mimi nimeanza na binti wa jahazi. Ukurasa wa tatu sasa una chubwi, na ameichora kwa herufi zinazolowa. Juzi aliniletea ukurasa wa tisa. Jahazi limekumbwa na dhoruba ya kaskazi, tanga limejaa upepo na linapasuka kutoka juu hadi chini. Anataka kujua tanga hulia vipi linapochanika. Orodha za shuleni hazina neno hilo, nami nimekulia bara. Wasomaji wa Lamu, Pemba, Kilwa na Sur, ninyi ambao baba zenu walivuka bahari kwa matanga, tuandikieni mlivyosikia.