Kanisa Si Picha ya Kalenda

Wachoraji wetu wana ugonjwa mmoja, na mimi nimechoka kuunyamazia. Mpe mchoraji kanisa kongwe, atakuletea mwali wa dhahabu ukishuka kutoka mawinguni, njiwa mweupe juu ya paa na nyasi za kijani utadhani uwanja wa mpira. Basi, eti hapo ishara ya dini imekamilika.

Huku kwetu Mamba picha za namna hiyo zimejaa sebuleni na saluni. Nyingine wanakwambia ni Karema. Karema ipi, jamani? Karema ilianza kama kituo cha Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold II, waliofika pale kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1879 na kujenga ngome. Mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na kusomea utabibu Malta, alifika Karema mwaka 1889 akatibu watu mpaka kifo chake mwaka 1956. Huyo mtu anakaa wapi kwenye mchoro wenye njiwa?

Najua nitajibiwa kwamba sanaa ya kanisa ni ya kuinua roho, si somo la historia. Haya, twende Mkunazini, Unguja. Kanisa Kuu la Anglikana lilianza kujengwa mwaka 1873, palepale penye soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo. Kwenye altare kuna duara la marumaru. Husimuliwa kuwa ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa viboko. Mle ndani upo pia msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa. Muumini anayepiga goti pale anajua anapiga goti juu ya nini. Kama hilo haliinui roho, basi njiwa ndiyo kabisa! (Na zile nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, Askofu Steere akiwa safarini, ziliachwa vilevile. Mchoraji wa kalenda angeshazigeuza, fasta.)

Tena msiniambie wateja ndio wanataka hivyo. Mteja hajaonyeshwa kingine. Nichoreeni Karema yenye ngome yake, na Atiman mlangoni na mfuko wa dawa, wagonjwa wamepanga foleni kivulini mwa msalaba. Nitanunua, hata kwa mkopo.