Desemba ya Lumuma: kwa nini Krismasi hutukuta hatujajipanga

Ni tarehe 20 Desemba, jioni. Mahindi ya unga bado hayajapelekwa mashineni. Mvua imenyesha juzi na nusu ya shamba haijapandwa. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza ameleta karatasi ya mahitaji. Simu inaita, na ni shemeji aliye Dar es Salaam: wanakuja. Mwezi uliopita alisema wawili, leo ni sita. Mama mwenye nyumba anajibu "karibuni sana", anakata simu, anakaa kwenye kigoda na kusahau alichokuwa amefuata jikoni.

Hali hiyo wengi wetu tunaijua. Kichwa kinakuwa kizito, usiku usingizi hauji, mtoto akiuliza habari ya nguo mpya anajibiwa kwa ukali asioustahili. Mtaani kwetu mtu wa namna hiyo ana jina lake, fupi na lisilo na huruma: hajajipanga.

Sisi tunaona neno hilo lina ukweli nusu tu. Ukiitazama vizuri kalenda ya mkulima wa Lumuma, utashangaa kwamba yupo hata mmoja anayeifikia Krismasi akiwa ametulia.

Tuanze na fedha. Lumuma, kata iliyo jirani na Mpwapwa ndani ya Wilaya ya Kilosa, inajulikana kwa vitunguu vya kumwagilia. Maji ya mto yanaingia kwenye mifereji, kiangazi kinageuka msimu wa kazi, na kaya nyingi zinapata fedha zake kubwa za mwaka wakati wilaya nyingine zimekauka. Tatizo ni kwamba fedha ya vitunguu huja kwa mkupuo. Wakulima wakivuna pamoja, bei inashuka pamoja, na kitunguu si hindi ulifiche ghalani mpaka mwakani. Bila banda lenye hewa ya kutosha kinaota na kuoza. Kwa hiyo tunauza kwa bei ya siku hiyo, mara nyingi kwa lumbesa, ingawa sheria ya vipimo inakataza kujaza gunia kupita kiasi na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilipigia kelele miaka mingi. Kila kilo inayopanda juu ya mdomo wa gunia ni kilo iliyoondoka bila kulipiwa. Hiyo ndiyo sukari ya Krismasi, imeshapakiwa kwenye Fuso tangu kiangazi.

Ile iliyobaki inalipa deni la dawa, deni la vibarua, bati mbili tatu, matibabu. Ikifika Desemba mkononi hakuna kitu cha maana, na ndipo mvua zinapoanza. Mbegu ya mahindi inatakiwa. Mbolea inatakiwa. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 imepunguza bei kwa mkulima aliyesajiliwa, lakini bei iliyopunguzwa nayo ni lazima uwe nayo mkononi siku unayofika dukani. Na mvua haisubiri mtu amalize kukaanga maandazi. Ukichelewa kupanda wiki moja, utaijutia wakati wa kuvuna.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, wiki ile ile ambayo redio na simu zinatuambia ni wiki ya kula, kwetu ni wiki ya kufukia chakula ardhini. Hili ndugu zetu wa mjini huwa hawalioni. Kwao Desemba ni mwisho wa mwaka. Kwa mkulima wa mvua ndiyo mwaka unaanza.

Mvua hizo hizo zina upande mwingine. Wazee wa Kilosa hawajasahau mwisho wa 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipofurika, ukaingia kwenye makazi na kuacha maelfu ya watu bila nyumba, huku reli ya kati ikikatika kati ya Kilosa na Gulwe. Kuna familia zilizoianza Januari zikiwa kwenye mahema. Hatusemi hayo kumtisha mtu. Ni kwamba anayenunua mchele wa sikukuu, mafuta na madaftari siku mbili kabla, akitegemea barabara iwe nzuri, anacheza kamari na wingu.

Wageni nao, kwa nini wote waje kwa pamoja? Shule zimefungwa, maofisini watu wamechukua likizo, na tarehe 25 na 26 zote ni mapumziko ya kitaifa. Usafiri pia umebadilika. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku, kitu kilichokuwa kimezuiwa kwa miaka mingi, na tangu katikati ya 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma ikipita Kilosa. Ni jambo jema, hatubishi. Ila limebadilisha hata maana ya kupokea wageni. Zamani treni ikichelewa Kilosa, mwenyeji alipata siku nzima ya kuanika magodoro. Sasa mtu anapiga simu akiwa amekaa kwenye kiti, na kabla wali haujakauka maji anauliza bodaboda ya kwenda Lumuma ni shilingi ngapi.

Mgeni wa Krismasi ana tabia moja ambayo lazima tuiseme kwa upole, maana wengine wenu mnasoma haya mkiwa mjini. Anakuja na zawadi, lakini zawadi yenyewe mara nyingi haipikiki. Kitenge kizuri, saa ya ukutani, nguo za watoto za saizi ya mwaka juzi. Huku nyumbani kinachopungua ni mafuta ya kupikia, mchele, sabuni na mkaa. Mwenyeji hawezi kusema, kwa sababu kwetu mgeni haulizwi amebeba nini. Basi anachinja jogoo aliyekuwa amepangwa kuuzwa kwa ajili ya sare ya shule.

Hapo ndipo Januari inapoingia. Tangu 2016 serikali imefuta ada katika shule zake hadi kidato cha nne, na baadaye ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Mzigo wa ada umetoka, na kwa kaya nyingi ulikuwa mzigo hasa. Lakini sare, viatu, madaftari, begi, na kwa wa bweni godoro, ndoo na nauli, vyote vinanunuliwa na mzazi, na vyote vinatakiwa mwanzoni mwa Januari. Kati ya soda ya Krismasi na daftari la Januari kuna siku chache tu. Ndiyo maana mama anayenunua soda anaonekana kama hana furaha. Anahesabu.

Wapo wanaoziba pengo hilo kwa mkopo, na hapa ndipo tunapoomba mtuelewe vizuri, kwa sababu kuna nyumba zinavunjika. Mkopo wa haraka unaoitwa kausha damu hauuzwi kwa jina hilo. Unauzwa kwa jina la msaada: hakuna dhamana kubwa, hakuna maswali, fedha leo leo. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Umekopa shilingi 100,000 tarehe 18 Desemba, urudishe 130,000 ndani ya siku 30. Inaonekana ni 30,000 ya ziada, unaweza kuvumilia. Lakini siku ya thelathini ni tarehe 17 Januari. Je, Lumuma kuna zao gani linalouzwa tarehe 17 Januari? Mahindi ndiyo kwanza yanapaliliwa. Kwa hiyo unakopa tena kulipa wa kwanza, na kufikia Machi ile Krismasi moja imekula mbuzi wawili.

Wanaokopesha kwa simu nao wapo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo wamekuwa wakilalamikiwa kwa kuchukua majina yaliyo kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia ndugu na majirani ujumbe wa kumfedhehesha. Fikiria ujumbe huo unamfikia mkweo asubuhi ya sikukuu. Kabla ya kubonyeza "kubali", uliza mkopeshaji ana leseni ya nani.

Na tukiwa bado kwenye simu: msimu huu ndio wa zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii". Zinafanya kazi Desemba kwa sababu kila mtu ana hela anayosubiri au anayotakiwa kutuma, na kichwa kimejaa. Mtu aliyezidiwa hapigi simu kuhakikisha. Piga. Na namba ya tapeli iripoti kwa kuituma kwenda 15040.

Nani hasa anazidiwa? Tumezungumza hadi hapa kana kwamba nyumba nzima inabeba. Si kweli. Tafiti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuhusu matumizi ya muda zimekuwa zikionyesha kwamba kazi za nyumbani zisizolipwa hubebwa zaidi na wanawake, na Krismasi haina kazi nyingine ila hizo: kuchota maji, kupepeta mchele, kupika kwa ajili ya watu kumi na tano kwenye mafiga matatu, kuosha vyombo, kupanga nani atalala wapi. Mwanamume wa nyumba huwa ana kazi moja kubwa, kuleta nyama, na akishaileta anakaa na wageni. Tunajua tutanuniwa kwa sentensi hiyo. Lakini hebu mwaka huu mmoja wetu ahesabu mkewe alikaa chini mara ngapi kuanzia mkesha hadi usiku wa tarehe 26.

Kazi iliyo nzito kuliko zote haionekani hata kwa macho: kukumbuka. Kwamba chumvi imebaki kijiko. Kwamba shangazi hali nyama ya mbuzi. Kwamba jirani Mwislamu, aliyetuletea sahani ya pilau siku ya Idd, naye aletewe yake mapema kabla hajapika. Mtu mmoja akikumbuka yote hayo peke yake, lazima atasahau moja, na akilisahau ndipo wote wanapogundua kwamba hakujipanga.

Kuna mambo ambayo vijiji vyetu vinayafanya tayari, na tunayaona yana akili kuliko ushauri mwingi wa mjini. La kwanza ni kuchangia ng'ombe. Kaya kadhaa zinachanga kidogo kidogo, ng'ombe ananunuliwa mapema kabla bei haijapanda, anachinjwa mkesha, kila mtu anachukua fungu lake. Nyama inakuwa imelipiwa, na hakuna anayekimbizana na bucha saa kumi na mbili asubuhi. Mchango wa namna hiyo kwa mchele na mafuta unawezekana pia, tena ni rahisi zaidi kwa sababu havihitaji kulishwa majani.

La pili ni vikoba. Vikundi vingi hufunga mzunguko na kugawana Desemba, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua kama watoa huduma wa daraja la nne, vinavyosajiliwa kupitia halmashauri. Siku ya kugawana ni siku ya furaha na ya hatari kwa pamoja: fedha ya mwaka mzima inatoka kwenye sanduku na kuingia kwenye pochi siku chache kabla ya sikukuu. Kikundi kinaweza kukubaliana, kwa kura ya wanachama, kwamba sehemu ya mgao itolewe kama madaftari na sare, au ibaki sandukuni mpaka wiki ya kwanza ya Januari. Wanachama wengine watanung'unika. Tunaamini watanung'unika kidogo zaidi wakiwa na mtoto mlangoni bila viatu.

La tatu halihitaji shilingi. Ni kupiga simu mjini sasa hivi, si tarehe 20, na kuuliza waziwazi: mnakuja wangapi, mnafika lini, mnaondoka lini. Atakayepiga awe baba wa nyumba au kaka mkubwa, ili isionekane mama anawakataa ndugu wa mumewe. Na kwenye simu hiyo hiyo aseme, bila aibu: "Kaka, huku mafuta yamepanda, njooni na dumu la lita tano na kilo kumi za mchele." Tumeona ndugu wa mjini wakishukuru kuambiwa. Nao wanahangaika dukani hawajui wabebe nini.

Kuhusu shamba hatuna njia ya mkato. Kama mvua imenyesha tarehe 23, panda tarehe 23. Wageni wakikuta nyumba haijapigwa lipu na mwenyeji ana udongo miguuni, wapewe jembe. Wengi wao wamezaliwa hapo hapo na mikono yao bado inakumbuka. Vijana sita wa mjini, asubuhi moja ya tarehe 24, wanaweza kumaliza kipande ambacho mama angekipanda kwa siku tatu. Watalalamika migongo, watapiga picha nyingi, na jioni wali utaliwa wote.