Mikono ya Mvuvi ni ya Mshipi

Mwanadamu hutetea chombo chake cha kazi kama atetevyo jina la ukoo wake. Mkulima hutetea jembe lake, seremala randa yake, na baharia jahazi lake. Ubishi ninaotaka kuuingia hapa ni wa wavuvi wa kayaki, yaani wale waendao baharini mmoja mmoja katika chombo chembamba kisicho na mashine, wakatafuta samaki wakubwa. Ubishi huo umeenea Marekani, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, ambako uvuvi wa namna hii una wapenzi wengi. Upande mmoja wako wapigao kafi. Upande wa pili wako wakanyagao pedali. Wa kwanza husema kwamba wa pili wamekiharibu chombo cha kale. Wa pili husema kwamba wa kwanza wanajitesa bure. Mimi nasimama upande wa pedali, nami nitazitoa sababu zangu waziwazi ili msomaji azipime mwenyewe.

Yafaa kwanza tujue tunabishania nini. Kayaki ya kafi huendeshwa kwa kafi lenye mabapa mawili, moja kila ncha. Mvuvi hulishika kwa mikono yote miwili, akalipiga kulia na kushoto kwa zamu. Kayaki ya pedali ina mtambo uliopachikwa mbele ya kiti, nao hupita katika tundu la chombo hadi majini. Ziko namna mbili zilizo mashuhuri. Ya kwanza ilitolewa mwaka 1997 na kampuni ya Hobie ya California: miguu husukuma pedali kwa zamu, na chini ya chombo mapezi mawili hupiga maji kama mabawa ya yule ndege aitwaye pengwini. Ya pili ina pedali za kuzunguka kama za baiskeli, nazo huendesha rafadha. Mvuvi akizungusha kinyume, chombo hurudi nyuma. Katika namna zote mbili usukani huongozwa kwa kijiti kidogo kando ya kiti, ambacho mkono hukigusa kidogo kisha ukakiacha.

Sasa natuulize swali moja tu: mvuvi ameenda baharini kufanya nini? Hakwenda kupiga kafi. Amekwenda kuvua. Na kazi ya kuvua, tangu kutia chambo hata kumpakia samaki chomboni, ni kazi ya mikono. Mikono ndiyo ifungayo ndoana, ndiyo ishushayo chubwi, ndiyo isikiayo samaki anapodonoa chini ya maji. Wahenga wetu walisema, mshika mbili moja humponyoka. Mpiga kafi ndiye mshika mbili hasa. Akishika kafi, mshipi hauna mtu. Akishika mshipi, chombo hakina mtu.

Tutazame jambo hili linavyokuwa baharini. Mvuvi anakokota mshipi nyuma ya chombo akitafuta nguru. Mpiga kafi huutia ufito wake katika kishikio, akaendelea kupiga maji. Mpaka hapo hana hasara. Lakini nguru akishauma, mambo hugeuka mara moja. Samaki huyo hukimbia kwa kasi ya ajabu. Mpiga kafi sharti aliweke kafi chini, aupokonye ufito kishikioni, na papo hapo chombo chake husimama, upepo ukakigeuza ubavu. Samaki akirudi kuelekea chomboni, mshipi hulegea, na mshipi uliolegea ni mlango uliofunguliwa. Mkanyaga pedali yeye huushika ufito kwa mikono miwili huku miguu ikiendelea na kazi yake. Samaki akikimbilia mwambani ili aukate mshipi, mvuvi humvuta akikiondoa chombo kwenda maji mengi. Hapo ndipo tofauti ya vyombo hivi viwili huonekana.

Tena kuna uvuvi wa kusimama juu ya mwamba wenye samaki. Mkondo wa maji na upepo haumngoji mtu. Mpiga kafi hushusha mshipi, akachukuliwa na mkondo hatua kadhaa. Hupandisha mshipi, akapiga kafi kurudi. Hushusha tena, akachukuliwa tena. Nusu ya siku yake huishia njiani. Mkanyaga pedali huielekeza omo ya chombo kwenye mkondo, akakanyaga polepole, akabaki pale pale juu ya samaki wake.

Wapinzani wetu wanazo hoja, na si haki kuzificha. Hoja yao ya kwanza ni ya heshima ya kale. Wasema kayaki ni chombo cha Wainuiti wa Greenland na nchi za kaskazini ya mbali, waliokiunda kwa miti iliyoletwa na bahari na mifupa ya wanyama, wakakivika ngozi za sili; nacho tangu hapo ni chombo cha kafi. Mwacha asili, wasema, ni mtumwa.

Mithali hiyo ni ya kweli, lakini wameitumia pasipo mahali pake. Mwinuiti hakuunda kayaki kwa kupenda kafi, bali kwa kutaka kumpata sili. Nayo taabu tuliyoitaja aliijua kabla yetu. Chusa lake sharti lirushwe kwa nguvu, na kafi nalo sharti lishikwe, la sivyo chombo hicho chembamba hupinduka. Alifanyaje? Alibuni kibao cha kurushia chusa, kilichouongezea mkono mmoja nguvu, ili ule wa pili ubaki na kafi. Basi babu wa kayaki mwenyewe alitumia akili yake kuuokoa mkono mmoja kutoka katika kazi ya kafi. Anayeuokoa wa pili hakuiacha asili. Ameifuata njia ile ile hatua moja mbele.

Wala Mwinuiti si peke yake. Katika ziwa la Inle, nchini Myanmar, wavuvi wa kabila la Waintha husimama tezini kwa mguu mmoja, wakauzungusha mguu wa pili kwenye kafi na kuendesha mtumbwi kwa mguu huo, ili mikono ibaki na nyavu. Na hapa kwetu pwani, je, mvuvi wa ngalawa hupiga kafi kutwa akipata upepo mwema? Hutweka tanga, upepo ukafanya kazi ya kuendesha, mikono yake ikabaki kwa mshipi. Hakuna amwambiaye kwamba ameharibu ngalawa. Hata fundi cherehani hutufundisha jambo hili. Cherehani ya kuzungushwa kwa mkono humwachia mshonaji mkono mmoja wa kuongozea kitambaa. Ya kukanyagwa kwa miguu humwachia yote miwili. Nani aliyepata kumcheka fundi kwa kushona kwa miguu?

Hoja ya pili ni ya nguvu. Wasema kafi hujenga mwili, na kwamba mpiga kafi hodari hatumii mikono pekee, bali kiwiliwili kizima. Hilo ni kweli, na anayetaka kujenga kifua na alipige kafi kwa furaha. Lakini misuli ya mapaja ndiyo mikubwa katika mwili wa binadamu, nayo imezoea kumbeba mtu siku nzima. Tarehe 12 Juni 1979, Mmarekani Bryan Allen alivuka kwa ndege mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, mwendo wa kilomita 36 hivi, kwa muda wa saa 2 na dakika 49. Ndege hiyo, iliyoitwa Gossamer Albatross, haikuwa na injini yoyote ila miguu yake juu ya pedali. Waundaji wake, kwa kutafuta nguvu kubwa kabisa ya mwanadamu, hawakuitafuta mikononi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Wasema kafi ni kipande kimoja kisicho na cha kuharibika, na mtambo una vyuma, minyororo au gia. Siku utakapovunjika mbali na pwani, mvuvi atafanyaje? Huongeza kwamba mapezi na rafadha hugonga matumbawe penye maji machache, hunaswa na mwani, na hazifai penye mawimbi ya kuvunjika ufuoni, ambapo kafi humsaidia mtu asipinduke. Haya yote ni kweli, na anayeyakanusha haijui bahari. Lakini yanatufundisha nini? Yanatufundisha kwamba mkanyaga pedali asiondoke pwani bila kafi, tena ajue kulipiga. Akivuka maji machache aupandishe mtambo, alitwae kafi. Akifika kilindini aushushe. Jahazi lenye tanga huchukua makasia, wala hatusemi kwamba tanga halina faida. Kinachomwua mtu baharini si pedali, ni kiburi cha kudhani kwamba chombo chake hakiwezi kuharibika. Kiburi hicho humpata mpiga kafi pia, kwa maana kafi huvunjika, na kafi huponyoka mkononi likachukuliwa na maji. Kila aendaye kilindini, wa mkono au wa mguu, avae koti la kuokolea na autazame upepo kabla ya kutoka.

Hoja ya nne ni ya bei na uzito. Kayaki ya pedali ni ghali zaidi, tena ni nzito kuibeba mchangani. Hapa siwezi kuwajibu wapinzani, ila kuwauliza: je, ughali wa kitu ni ushahidi kwamba ni kibaya? Baiskeli ni ghali kuliko viatu, na hatujasikia mwenye busara akisema kwamba kwa hiyo kutembea ni kwepesi kuliko kupanda baiskeli. Ughali ni deni la mafundi kwetu, walipunguze. Na mtambo huu hauna siri: ni pedali, gia na rafadha. Nchi yenye mafundi wa baiskeli kila soko haina sababu ya kuutazama kama muujiza wa ng'ambo.

Nami nasema haya kwa ajili yenu ninyi vijana msomao, hata wale ambao hawatakanyaga kayaki maishani. Mtakutana na watu wengi watakaowaambia kwamba njia ngumu ni bora kwa kuwa ni ngumu, na ya kale ni bora kwa kuwa ni ya kale. Msiwadharau, maana mara nyingi wamehifadhi maarifa ambayo wenye haraka wameyatupa. Mmeona jinsi kafi linavyobaki na kazi yake mwambani na ufuoni. Lakini waulizeni: chombo hiki kiliundwa kwa ajili ya kazi gani, na ni kipi kiifanyacho kazi hiyo vizuri zaidi? Jasho ni jambo la heshima linapoleta kitu nyumbani. Jasho la kurudia njia ile ile siku nzima, samaki wakibaki chini, ni maji ya chumvi tu, na bahari ina maji ya chumvi ya kutosha.