Pishi Haliingii Kwenye Kibaba

Picha ya kompyuta huonekana kwenye monita, si kwenye kadi ya grafiki. Kadi hupiga hesabu ya rangi ya kila nukta na kuituma kwa waya. Nukta zenyewe, yaani pikseli, zimo ndani ya kioo cha monita; zilihesabiwa kiwandani na hazizaliani. Monita ya Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400, mara nne kamili. Wazee wa pwani waliopima nafaka kwa pishi wangelielewa jambo hili bila darasa: pishi moja ni vibaba vinne, na aliyeuza kibaba kwa jina la pishi hakutoka sokoni salama.

Kwenye maduka ya kompyuta hutoka salama kila siku. "Hii ni kadi ya 4K, hata monita yako ya zamani itatoa 4K," aliambiwa mteja mmoja katika duka la Kariakoo, mwandishi wa makala haya akisubiri zamu nyuma yake. Monita yenyewe ilikuwa ya mtumba, inchi 19, pikseli 1280 kwa 1024, na nyuma ina tundu moja tu la VGA. Hizo ni pikseli 1,310,720, pungufu ya moja ya sita ya zile ambazo kadi ilinunuliwa kuzitoa. Zilizobaki hazina pa kukaa.

Mwendo nao ni vivyo hivyo. Monita ya Hz 60 hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikichora fremu 200, jicho halioni 200. Pengine huona picha iliyokatika katikati, nusu ya juu ya fremu moja na nusu ya chini ya nyingine. Mwenye gemu hujisifia namba iliyoandikwa pembeni ya skrini, namba ambayo monita yake haijawahi kuionesha.

Penye balaa zaidi ni kwenye matundu. VGA ililetwa na IBM mwaka 1987, enzi za monita za kichogo, na husafirisha picha kwa mawimbi ya analogia. Nvidia iliondoa njia hiyo katika kadi za GeForce 10 mwaka 2016, kwa hiyo kadi mpya haizungumzi na monita kuukuu bila kibadilishi chenye chipu ndani yake. Tundu la HDMI 1.4 hupitisha 4K, lakini kwa picha 30 tu kwa sekunde, na kishale cha kipanya huonekana kikiburuta miguu. Ilibidi ije HDMI 2.0 mwaka 2013 ndipo zikafika 60. Waya unaouzwa kwenye mfuko ulioandikwa "4K" haujasema chochote kuhusu hilo, na wauzaji hawaulizwi.

Walioanza biashara hii walijua mapema kwamba kadi na waya lazima vitoshe monita. Mwaka 2001 IBM ilitoa monita ya T220, inchi 22.2, pikseli 3840 kwa 2400. Waya mmoja wa DVI haukuitosha, ikalishwa kwa nyaya kadhaa pamoja. Mwaka 2004 Apple ilipotoa Cinema Display ya inchi 30, pikseli 2560 kwa 1600, ilidai kadi yenye DVI ya njia mbili. Monita ndiyo iliyochagua kadi.

Wanaoamini kwamba kadi huleta 4K kwenye monita yoyote wana hoja yao: mbona kwenye mipangilio panasomeka 3840 kwa 2160? Panasomeka, kwa sababu kadi inaweza kuchora picha kubwa kisha ikaifinya itoshe kwenye kioo kidogo. Hata daladala huandikwa "Jet" ubavuni, na bado inasimama kila kituo.

Na wapo wanaonunua kadi ya bei ya pikipiki, wakarudi nyumbani wakachomeka monita kwenye tundu la mazabodi, kadi ikabaki inazungusha feni.

Anayetaka kununua aanze na monita: ageuze nyuma asome matundu, atazame idadi ya pikseli na Hz, ndipo aulize kadi, na baada yake pawa saplai. Kwa Full HD ya Hz 60, kadi ya wastani inatosha kwa gemu nyingi, na chenji inayobaki inaongezea fedha za monita.

Yule mteja wa Kariakoo alilipa, akaongezewa kibadilishi cha VGA kwa bei ya ziada. Monita yake bado ina pikseli 1,310,720.